Fimbo ya Besi katika Maji ya Tanga: Maswali ya Wasomaji

SWALI: Shikamoo mzee wetu. Mimi ni mwalimu wa sekondari hapa Korogwe, na kwa mwaka ninapata likizo mbili tu zinazotosha kusafiri, ya Juni na ya Desemba. Binamu yangu anayeishi Alabama, Marekani, amenizawadia fimbo, rili (kigurudumu cha kukunjia uzi) na kisanduku cha vyambo bandia anavyovulia samaki aitwaye besi, akaniambia kwamba kwao msimu mzuri ni kuanzia Machi hadi Mei. Nataka kwenda Tanga na wadogo zangu wawili tukavue kwa siku tatu. Je, niombe ruhusa kazini ili nifuate miezi hiyo? Na zana hizi zitafaa baharini, au ninunue mshipi wa kawaida?

JIBU: Marahaba, mwalimu. Usiombe ruhusa; nenda likizo ya Desemba, tena ndani ya Desemba hiyo uchague siku za maji mafu, yaani zile ambazo maji hujaa na kupwa kidogo. Nitakueleza sababu kwa kirefu, kwa kuwa wageni wengi wanaokuja kuvua Tanga huuliza mwezi na kusahau kuuliza upepo na mwezi wa angani.

Binamu yako hakukudanganya. Besi ni samaki wa maji baridi, yaani yasiyo na chumvi, anayeishi katika maziwa, mabwawa na mito ya Marekani, na hata jirani zetu wa Kenya wanaye katika Ziwa Naivasha, alikopandikizwa mwishoni mwa miaka ya 1920. Huko Alabama, wakati wa kipupwe maji hupoa sana na samaki huyo huwa mzito, hali kwa nadra. Maji yanapoanza kupata joto la digrii 15 hadi 20 hivi, husogea kwenye kina kifupi kutengeneza viota, na dume hubaki akilinda mayai. Hapo ndipo anapofikika kwa urahisi. Kwa hiyo msimu wa binamu yako unapimwa kwa joto la maji. Bahari ya Tanga haina tofauti hiyo, kwa maana joto lake huwa kati ya digrii 25 na 30 mwaka mzima, na samaki wetu hawaachi kula kwa sababu ya baridi. Kinachotufungia mlango sisi ni upepo, mkondo na tope.

Tena miezi aliyokutajia ndiyo ya masika kwetu. Mto Sigi na Mto Pangani hushusha maji mekundu baharini, samaki anayewinda kwa macho haoni chambo, na upepo unageuka kuwa kusi. Kusi huvuma mpaka Septemba hivi, na Juni na Julai ndiyo miezi yake mikali, ambapo nahodha mwenye ngalawa au mashua ndogo huweza kukaa pwani siku kadhaa mfululizo akisubiri bahari itulie. Likizo yako ya Juni inaangukia hapo. Ukilazimika kuja mwezi huo, vua ndani ya ghuba, upande wa kisiwa cha Toten uliokingwa na upepo, wala usimshawishi nahodha kwa fedha atoke nje ya miamba. Nimeona wageni wakifanya hivyo, na ninalisema jambo hili kwa uzito wote.

Oktoba na Novemba, pepo zinapobadilishana zamu, bahari hulala na maji husafika, na kama ungekuwa huru ningekwambia uje wakati huo. Desemba ndipo kaskazi inapoanza kushika, lakini mara nyingi huwa haijafikia nguvu za Januari na Februari. Alfajiri huwa shwari, kisha upepo huzidi kadiri jua linavyopanda, kwa hiyo panga kurudi pwani kabla ya adhuhuri. Sikiliza pia taarifa za Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania, ambayo hutoa tahadhari za upepo mkali na mawimbi kwa watumiaji wa bahari, na usipande chombo ambacho hakina jaketi okozi kwa kila mmoja wenu.

Sasa maji mafu. Katika siku za bamvua, yaani mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, tofauti ya maji kujaa na kupwa hapa Tanga hupita mita 3, na mkondo kwenye milango ya miamba huwa na nguvu kiasi kwamba chubwi, yaani risasi ya kuzamishia mshipi, haikai chini na mshipi huenda mshazari. Isitoshe, siku hizo maji hujaa kwenye saa kumi alfajiri na kupwa kwenye saa nne asubuhi, kwa hiyo anayetoka alfajiri huvua muda wote maji yakitoka. Siku za maji mafu, takriban tarehe saba hadi tisa na ishirini na mbili hadi ishirini na nne za mwezi mwandamo, mambo hugeuka: maji huanza kujaa alfajiri na kufikia ukomo kwenye saa nne, mkondo huwa mpole, na samaki husogea juu ya miamba pamoja na maji yanayoingia huku nawe umekwisha kutia nanga ukiwangoja. Kwa mtu mwenye siku tatu tu na wanafunzi wawili wa mshipi chomboni, sijui mpango bora kuliko huo. Tazama kalenda ya mwezi mwandamo kabla hujakata tiketi ya basi.

Kuhusu zana, fimbo yako itafaa kwa kazi moja na kushindwa kwa nyingine. Fimbo za besi kwa kawaida zina urefu wa mita 2 hivi na uzi wa kuhimili kilo 5 hadi 9. Kwa kiasi hicho unaweza kuvua kolekole wadogo na wa kati ndani ya ghuba, kwenye midomo ya mito na pembezoni mwa mikoko. Kolekole hufukuza kinachokimbia, na kwa tabia hiyo anakaribiana na besi kuliko samaki wetu wengine ninaowafahamu, hivyo vile vyambo vya kuelea vinavyorusha maji vitupe alfajiri, jua likiwa bado chini, uvivute kwa haraka kuliko binamu yako anavyovivuta kwao. Vyenye ndoana za pembe tatu, zitoe ndoana hizo uweke ndoana moja moja ya chuma kisichoshika kutu. Nyingi za ziwani huoza baharini baada ya safari chache, na ni hatari mikononi mwa vijana chomboni. Mbele ya chambo ongeza urefu wa mkono mmoja wa nailoni nene. Ukiona uzi unarudi umekatika kama kwa wembe, ujue kuna mzia au nguru, na hapo hakuna dawa ila kipande cha waya.

Kila jioni osha fimbo na rili kwa maji ya bomba, ulegeze breki ya rili kabla ya kuihifadhi, na uipake mafuta kidogo ikikauka. Chumvi haisamehe rili iliyotengenezwa kwa ajili ya ziwa.

Lakini usiishushe fimbo hiyo mwambani kwa chewa. Chewa hashindani kwa kukimbia. Akishameza chambo hugeuka na kuingia pangoni, na ukichelewa pima moja tu umempoteza yeye, ndoana na chubwi. Hapo panataka mshipi wa mkono, nailoni ya milimita 1 au zaidi, na mtu wa kuvuta mara moja bila kustaajabu. Kwa changu, nailoni ya milimita 0.6 au 0.7 inatosha, na ndoana iwe ndogo lakini imara, maana changu ana mdomo mgumu unaovunja kaa na konokono. Ninakushauri ununue mishipi mitatu ya namna hiyo pale Tanga mjini na kuikunja kwenye vibao. Gharama yake ni ndogo, na wadogo zako watajifunza mengi zaidi kwa kuhisi samaki kwenye kidole kuliko kwa kuangalia ncha ya fimbo. Chubwi chukua za uzito tofauti, kuanzia gramu 100 hadi 250, uanze na ile nyepesi kabisa inayofika chini na kutulia. Chambo kizuri kuliko vyote ni ngisi, kwa sababu hakitoki upesi kwenye ndoana; kibua aliyekatwa vipande hufuata, pamoja na kamba wa baharini.

Jambo la mwisho kwako, mwalimu, ni mahali. Sehemu kubwa ya pwani kati ya Tanga na Pangani imo katika Hifadhi ya Bahari ya Silikanti, iliyoanzishwa mwaka 2009 kwa ajili ya yule samaki wa kale ambaye wataalamu walidhani ametoweka mpaka alipovuliwa Afrika Kusini mwaka 1938. Katika hifadhi uvuvi unaruhusiwa kwa masharti, ilhali katika maeneo tengefu kama Maziwe na Ulenge hairuhusiwi kuvua kabisa. Pitia kwanza ofisi ya uvuvi uulizie kibali, kisha mchukue nahodha wa kijiji husika, Mwambani au Kigombe kwa mfano, anayeijua mipaka hiyo. Chewa mdogo mrudishe majini akiwa hai. Samaki huyu hukua polepole, na wengi katika jamii yake huanza maisha wakiwa majike, wakageuka madume baadaye, hivyo mwamba unaovuliwa ovyo hukosa uzazi kwa miaka.

SWALI: Mzee, asalaam aleikum. Mimi ni mama wa mtoto wa miaka kumi na mmoja, tunaishi Chumbageni. Anataka kuvua akiwa nchi kavu upande wa Raskazone, nami sina uwezo wa kumlipia chombo. Anunue nini, na aende saa ngapi?

JIBU: Waaleikum salaam, mama. Nailoni nyembamba ya milimita 0.4, ndoana ndogo tano na chubwi nyepesi vinamtosha, na kamba mmoja akikatwa vipande ni chambo cha nusu saa nzima. Aende maji yakiwa yanajaa, kuanzia nusu ya kujaa hadi yanapotulia, kwa sababu maji yakipwa atakuwa anakwamisha ndoana mawemawe tu na kukata tamaa. Awe na mtu mzima karibu, na avae viatu kila anapokanyaga majini.

Mfundishe mambo mawili kabla hajatupa mshipi. Bunju, yule anayejivimbisha tumbo, arudishwe majini na asiletwe nyumbani kamwe, kwa kuwa sumu yake huua na haiondoki kwa kupikwa. Tasi naye ni mtamu sana mezani, lakini miiba yake ina sumu inayouma vikali, hivyo amshike kwa kitambaa. Akichomwa, mtumbukize mkono katika maji ya moto kiasi anachoweza kuvumilia bila kuungua, yawe umeyapima wewe kwanza kwa mkono wako, kwa muda wa nusu saa au zaidi mpaka maumivu yapungue, kisha mpeleke kituo cha afya ikiwa mwiba umebaki ndani au uvimbe unapanda.