Mwanangu, nenda Moshi, ila kwanza nunua viatu vya kutembelea

Bukavu

Mwanangu Furaha,

Ujumbe wako umefika. Unasema shule ya Moshi imekupa kazi ya kufundisha Kifaransa, nawe unauliza nilipofundisha Kifaransa Lushoto, kwenye milima ya Usambara, niliwezaje kukaa bila ndugu, na kwa nini kila Jumamosi nilikuwa milimani badala ya kupumzika. Nianze na la pili, maana humo ndimo limo jibu la kwanza.

Kufundisha lugha ugenini kunachosha kwa namna yake. Kutwa unaongea, unarudia "je suis, tu es" hadi koo linakauka. Jioni majirani wanazungumza Kisambaa upande wa pili wa ukuta, na wewe huna wa kumwambia lolote. Kiswahili chetu cha Bukavu walikielewa, tena walikipenda, lakini kuelewana sokoni hakukupi mtu wa kukuuliza kama umekula.

Watu niliwapata njiani. Kutoka Mombo barabara inapanda kilomita zaidi ya 30, na huko juu nilikuta baridi ya Juni na kabichi na maharage kwenye miteremko, nikajiona niko Walungu, kwetu karibu na Bukavu. Nikaanza kufuatana na akina mama waliokwenda kuni upande wa msitu wa Magamba. Wao ndio walionionyesha mkulo, mti ambao ukiponda jani lake linanukia kafuri, na mahali panapoteleza wakati wa masika. Nilipougua, hao hao ndio waliokuja na uji.

Kisha nikawapeleka wanafunzi Irente, pale mlima unapokatika ghafla na chini unaona Mazinde, mkonge na nyika isiyokwisha. Kulikuwa na kijana ambaye darasani hakufungua mdomo muhula mzima. Tumekaa mwambani tunakula peasi, ukungu unapanda kutoka bondeni, akanyoosha kidole: "Madame, le nuage monte!" Yaani, wingu linapanda! Hakumtazama mtu, alilitazama wingu. Tangu hapo masomo ya kueleza vitu niliyafanyia nje kila nilipoweza. Mkuu wa shule alitaka kwanza barua za wazazi, na alikuwa na haki.

Kwa hiyo nenda, mama. Siku hizi mlima wetu wa Kahuzi tunautazama kwa mbali tu. Wewe utapata mlima unaofikika. Usikimbilie kilele cha Kilimanjaro, cha mita 5,895. Anza na kijiji cha Materuni, kwenye maporomoko ya maji, upite katikati ya migomba na kahawa ya Wachaga, usalimie kila mzee. Usitembee peke yako. Congo imo ndani ya Jumuiya ya Afrika Mashariki tangu 2022, kwa hiyo kwenye geti la hifadhi ulizia ada ya wananchi wa Jumuiya kabla ya kulipa ya watalii.

Kibali cha kazi shule ikishughulikie kabla hujavuka mto Ruzizi. Baba yako atakusindikiza hadi mpakani. Niambie mapema unataka sambaza, wale samaki wadogo wa Ziwa Kivu, kiasi gani, nianze kuzikausha.

Mama yako