Maswali ya Wasomaji: Supu ya Sifongo Imeua Bakteria, Je, Ni Dawa?

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Mimi ni mwanafunzi wa kemia, mwaka wa tatu. Nilisaga sifongo wa baharini, nikamchemsha kwa maji, nikachuja. Nilipodondosha tone la supu hiyo kwenye sahani ya bakteria, pakabaki duara tupu ambamo bakteria hawakuota. Wenzangu wanasema nimepata dawa. Nifanyeje nitoe kiini chenyewe, yaani kemikali inayoua? – Mwenye Haraka

JIBU: Marahaba, mwanangu. Haraka yako naipenda, supu yako siipendi.

Chukua maji ya bahari matupu, yachemshe yapungue kama ulivyofanya, kisha udondoshe tone lake kwenye sahani nyingine. Sifongo hujaa maji ya chumvi, na chumvi ikizidi huwazuia bakteria wengi kuota. Duara likitokea na huko, ulichogundua ni chumvi. Nimewaona watu wazima wenye makoti meupe wakiiruka hatua hii.

Kuchemsha nako uache. Moto huvunja molekuli nyingi tunazozitafuta. Sifongo ni mnyama: agandishwe mara tu anapotoka majini, maana vimeng'enya vyake, protini zinazovunjavunja kemikali za mwili, havisubiri. Akaushwe akiwa bado ameganda, kwa mashine ya ombwe (inayonyonya hewa), akatwekatwe, alowekwe kwenye ethanoli au methanoli usiku kucha, mbali na mwanga. Chuja, loweka tena kwa kiyeyushi kipya, changanya michujo yote. Kiyeyushi ukiondoe kwa ombwe, beseni lisizidi nyuzi 40. Utabaki na kitu kama lami chenye harufu ya kukimbiza majirani wa maabara. Kigawe kati ya maji na ethili asetati, kiyeyushi kisichochanganyika vizuri na maji: chumvi itabaki kwenye maji. Kisha kilichoingia kwenye ethili asetati kipitishe kwenye safu ya silika, bomba lililojaa unga unaotenganisha kemikali, ukusanye fungu moja moja, na kila fungu ulijaribu upya kwa bakteria. Linaloua ndilo utakaloendelea kuligawa. Mengine yaweke kwenye friza, usimwage. Kesho huenda ukatafuta kitu kingine.

Pima uzito kila hatua, na hapo ndipo utakapojua bahari ni bahili. Mwaka 1986 Hirata na Uemura wa Japani walitangaza halikondrini B, molekuli inayopigana na saratani, kutoka sifongo Halichondria okadai. Kilo 600 za sifongo ziliwapa miligramu 12.5. Kwa mavuno hayo ungemaliza sifongo wote kabla ya kutibu wagonjwa wachache. Kilichookoa kazi ni kemia: kundi la Yoshito Kishi liliiunda molekuli hiyo maabara mwaka 1992, ikaonekana kwamba sehemu yake tu inatosha, na kutokana na sehemu hiyo ikatoka eribulini, dawa ya saratani ya matiti iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2010. Kwa hiyo fungu lako likibaki miligramu 3, usilie. Muhimu ni kujua molekuli yake imejengwaje.

Jambo jingine: huenda mwenye kiini si sifongo. Trabektedini, dawa nyingine ya saratani, iligunduliwa ndani ya Ecteinascidia turbinata, mnyama laini anayejishikiza kwenye mizizi ya mikoko, lakini ushahidi unaelekeza kwa bakteria wanaoishi mwilini mwake. Leo viwanda huitengeneza kwa kuanzia kemikali ya bakteria wengine wanaofugwa kwenye matangi. Basi weka kipande kizima kwenye ethanoli kwa ajili ya DNA, na kingine mpelekee mtaalamu akupe jina la mnyama. Bila jina, hakuna atakayeweza kuirudia kazi yako.

Kuhusu wenzako: dawa ya kusafishia choo nayo huua bakteria kwenye sahani. Fungu lako likijaribiwa kwenye seli za binadamu zikabaki hai, hapo niandikie tena. Na asionje mtu.

SWALI: Mwalimu, nimesikia sumu ya konokono wa baharini hutuliza maumivu. Je, ni kweli? – Msomaji mwenye mgongo

JIBU: Kweli, pole kwa mgongo. Ni zikonotaidi, mnyororo wa asidi amino 25 (vijenzi vya protini) uliopatikana katika sumu ya Conus magus, konokono anayewinda samaki. Iliidhinishwa Marekani mwaka 2004 kwa maumivu makali yaliyoshindikana kwa dawa nyingine. Huziba njia za kalsiamu, vijilango vinavyopitisha kalsiamu, kwenye neva za uti wa mgongo, ujumbe wa maumivu usipite. Lakini haimezwi: huingizwa kwa pampu kwenye maji ya uti wa mgongo, na hutengenezwa maabara. Konokono mwenyewe usimguse akiwa hai, kwani katika jamii yake wamo waliokwisha kuua watu.