Bibi anayelea wajukuu na fomu ya likizo

Ukikabidhiwa dawati la utumishi kwenye kiwanda cha minofu ya sangara hapa Mwanza, anza na fomu ya likizo. Nyingi zina nafasi ya mke au mume na ya watoto, basi. Wanaozijaza ni pamoja na bibi wa Igoma anayelea wajukuu watatu, dada aliyeachiwa mtoto wa marehemu kaka yake, na mama ambaye mumewe anavua dagaa Ukerewe, akija nyumbani siku za mbalamwezi tu, ambapo dagaa hazivuliwi.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inakataza kumbagua mtu kwa ujauzito, hali ya ndoa, ulemavu au majukumu ya familia. Kwenye likizo ndipo inapobana. Inatoa siku 4 zenye malipo mtoto wa mfanyakazi akiugua au akifariki, au akifariki mwenza, mzazi, babu, bibi, mjukuu au ndugu. Yaani mjukuu akifa, bibi anapewa siku; mjukuu akilazwa hospitali ya Sekou Toure, hapewi. Na siku hizo ni za mzunguko mzima wa miezi 36, si za kila tukio. Ila hicho ni kiwango cha chini, mwajiri haruhusiwi kushuka lakini kupanda anaweza. Pendekeza kanuni ya kiwanda iseme mtoto ni yeyote anayelelewa na mfanyakazi, kwa barua ya mwenyekiti wa mtaa. Usidai cheti cha kuzaliwa. Walezi wengi hawana cha mtoto wa ndugu.

Kwa wanaonyonyesha, sheria inaruhusu hadi saa 2 kwa siku. Wasimamizi wa zamu hupenda kuzikata nusu saa nusu saa, na hapo haki inayeyuka: kuvua gambuti na koti, kunawa, kutoka, kisha kurudia yote wakati wa kuingia, muda umekwisha na mtoto hajanyonya. Mpe saa nzima mara mbili, au aingie saa moja baadaye na kutoka saa moja mapema. Anayekamua apate chumba chenye komeo na friji yake. Maziwa hukaa takriban saa 4 kwenye joto lisilozidi nyuzi 25, na mchana wetu hupita hapo. Friji ya samaki usiiguse kabisa.

Zamu ya usiku, yaani saa 2 usiku hadi saa 12 asubuhi, ni marufuku kwa mjamzito miezi 2 kabla ya tarehe ya kujifungua. Andika tarehe hiyo kwenye ratiba siku anapoleta cheti cha daktari, maana msimamizi akipungukiwa watu hakumbuki. Likizo ya uzazi ni siku 84, au 100 kwa mapacha.

Vibarua ndio hupunjwa zaidi. Wataambiwa hawana likizo kwa kuwa hawajafikisha miezi 6 kazini. Kabla ya kukataa, jumlisha vipindi vyote alivyofanya kazi hapo ndani ya mwaka mmoja. Vikizidi miezi 6, likizo yenye malipo ni haki yake. Mfanyakazi wa msimu hahitaji hata hesabu hiyo.

Mzazi mwenye mtoto wa kliniki Bugando muulize tarehe zake mwanzoni mwa mwezi, umpangie zamu kwa kuzifuata. Kwa msiba wa visiwani, hesabu siku za likizo kando, na siku za safari ya meli kando.