Jirani Akifunga Fremu, Usishangilie

Mwaka 2017 nilikuwa na duka la vyombo Sinza, Dar es Salaam: sufuria, hotpoti, chupa za chai, ndoo. Ndiyo miaka ile kila mtu akiimba "vyuma vimekaza", yaani hela imekuwa ngumu. Fedha za taasisi za umma zilikuwa zimetolewa benki za biashara zikapelekwa Benki Kuu, watumishi wanahamishiwa Dodoma, semina na safari zimebanwa. Mimi muuza vyombo nikaona hayo ni mambo ya wakubwa. Kumbe posho ya semina ndiyo iliyokuwa inanunua hotpoti zangu.

Wa kwanza kufunga alikuwa dada wa saluni, fremu ya pili kutoka kwangu. Sikujali. Mwezi uliofuata nafungua daftari, mauzo ya Jumamosi yameshuka nusu. Akina mama waliokuwa wakisubiri zamu ya kusukwa ndio waliokuwa wanaingia kwangu "kuangalia tu", wanatoka na vikombe nusu dazani. Akafuata fundi cherehani. Nikafurahi kimoyomoyo, maana meza yake ilikuwa inaziba bidhaa zangu (aibu, lakini ndivyo ilivyokuwa). Kisha baa ya kona. Baa ilipokufa, muuza mishikaki akaondoka na taa yake, na kuanzia saa moja usiku mtaa ukawa giza. Nani anunue sufuria gizani?

Kwa hiyo wewe mwenye fremu leo, hesabu milango iliyofungwa kushoto na kulia kwako, na mjue jirani anayekuletea watu. Huyo akiyumba, anza kujipanga siku hiyohiyo.

Kilichonimaliza hasa ni kodi. Ilikuwa 250,000 kwa mwezi, unalipa miezi sita kwa mkupuo. Mkataba ulipoisha nikakopa mikopo ya mtaani, hii mnayoiita sasa kausha damu, nikalipa 1,500,000 ili nisionekane nimeshindwa. Marejesho yakala mtaji. Rafuni vikabaki vichujio na vitu visivyotoka. Mteja akikosa sufuria ya saizi yake mara mbili, mara ya tatu haji.

Wiki mbili baada ya kulipa nikaenda kumlilia mwenye nyumba.

"Mwanangu, ungekuja mapema ningekuachia ulipe mwezi kwa mwezi," akasema mzee. "Fremu tatu zimekaa bure, unadhani napenda? Sasa hela yako nimeshalipia ada za wajukuu."

Nenda ukiwa umebakiza miezi miwili, kabla hujamkabidhi chochote. Na bidhaa iliyolala shusha bei, hata kama utarudisha hela ya kununulia tu, upate ya kuleta kinachotoka.

Mimi niligoma. Siku ya kuhama nilikodi guta, na zile hotpoti kubwa za maua nilizokataa kupunguza bei zikalijaza lote. Mbili bado ziko kabatini kwa mama, na makaratasi yake.