Lose na loose, affect na effect: jinsi nilivyoacha kuyachanganya

Mleta uzi, unasema umekariri orodha za maneno haya ya Kiingereza mara kadhaa, na bado ukiandika barua unakuta loose imekaa mahali pa lose, na effect mahali pa affect. Nimepita humo humo. Niliwahi kutuma barua ya kuomba kazi yenye "I need your advise". Kompyuta haikunipigia mstari mwekundu, maana advise ni neno halali, ila silo nililolitaka. Niliiona kesho yake, barua imeshakwenda. Iliniuma sana.

Orodha hazikunisaidia. Kilichonisaidia ni kuuliza Kiswahili kwanza. Sisi tuna athiri na athari: ya kwanza kitenzi, ya pili nomino. Ukitaka kusema "imeathiri", andika affect. Ukitaka "athari", andika effect. (Effect huwa kitenzi mara chache, kama effect a change, yaani kuleta mabadiliko.) Advise ni kushauri, advice ni ushauri. Na kama ushauri usivyo na wingi, advices nayo iache kabisa.

Utajiri wenyewe uko kwenye miisho ya vitenzi vyetu. Remember ni kumbuka, remind ni kumbusha. Kwa hiyo "remember me to call him" ni sawa na kusema "nikumbuke nimpigie". Bei ikipanda yenyewe, it rises. Muuzaji akiipandisha, he raises it. Lie ni kulala, lay ni kulaza. Hapo tu pana mtego: wakati uliopita wa lie ni lay pia, "yesterday I lay down", ilhali lay yenyewe inakuwa laid. Hata wazawa wa lugha hiyo huteleza hapo, kwa hiyo usijilaumu.

Borrow na lend zilinisumbua muda mrefu mpaka nikagundua chanzo ni neno letu azima. Tunasema "nimeazima kalamu" kwa kuchukua, na "niazime kalamu" kwa kumwomba mwenzako atoe. Achana na azima, tumia kopa na kopesha. Anayekopa borrows, anayekopesha lends.

Kuna mahali Kiswahili hakitusaidii, na hapo ni kwenye sauti. Irabu zetu ni tano tu, ndiyo maana live na leave, ship na sheep, hutufikia masikioni kama neno moja na tunayaandika hivyo hivyo. Haya nilijifunza kwa kuyasikiliza mawili mawili. Lose na loose ni rahisi zaidi: kinachozitofautisha ni konsonanti ya mwisho. Lose, kupoteza, huishia na z ya "poteza" yenyewe. Loose, legevu, huishia na s.

Its na it's nazo. Ritifaa (alama ya ') ya neno ng'ombe inaonyesha sauti, lakini ya it's inaonyesha herufi zilizodondoka, yaani it is au it has. Isome kwa urefu: kama "it is" haiingii kwenye sentensi, wala "it has", toa ritifaa. They're, yaani they are, ipime vivyo hivyo.

Ukikwama tena, weka hapa sentensi nzima, usilete neno peke yake. Nitaipitia.