Mwalimu wa chuo, anza na swali kabla ya kumshuku mwanafunzi

Tangu ChatGPT, programu ya akili mnemba (AI) inayoweza kumwandikia mtu insha nzima, ilipotolewa kwa umma mwishoni mwa Novemba 2022, mazungumzo katika vyumba vyetu vya walimu yamekuwa ya aina moja: nani kanakili, nani kashikwa, apewe adhabu gani. Nafundisha historia hapa Malindi, na naomba wenzangu tuache kuwinda. Nguvu tunazozitumia kumnasa mwanafunzi tuzihamishie kwenye swali tunalompa.

Programu zinazodai kutambua maandishi ya akili mnemba haziaminiki kiasi cha kumharibia mtu masomo. OpenAI, ambao ndio waliotengeneza ChatGPT, walitoa chombo cha namna hiyo mapema 2023, wakakiondoa Julai kwa kuwa hakikuwa sahihi vya kutosha. Mwaka huo huo watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, walizijaribu programu saba kwa insha za watu ambao Kiingereza si lugha yao ya kwanza. Kwa wastani, zaidi ya nusu ya insha hizo zilihesabiwa kuwa za mashine, na zote zilikuwa za binadamu. Sasa mtazame mwanafunzi wetu: nyumbani Kigiriama, sokoni Kiswahili, darasani Kiingereza. Sentensi zake fupi, msamiati wake ule ule aliofunzwa shuleni. Nimemwona kijana akitetemeka mbele ya kamati kwa insha aliyoiandika mwenyewe, na ushahidi wote uliokuwa mezani ni asilimia iliyotolewa na kompyuta. Jambo hilo bado linaniuma.

Turudi kwenye swali. "Eleza sababu za kuhamwa kwa mji wa Gede" (magofu ya mji wa kale wa Waswahili, karibu na hapa Malindi) ni swali ambalo mashine italijibu mara moja, tena kwa lugha laini. Kazi yake ni kukisia neno lipi lifuate lipi kutokana na maandishi mengi iliyolishwa, na habari za Gede zimeandikwa sana tangu mwanaakiolojia James Kirkman alipoanza kuyachimbua magofu yale mwaka 1948. Ikikosa rejeo, yaweza kulibuni: mwandishi, mwaka, hata kurasa.

Siku hizi huwapeleka wanafunzi Gede kwenyewe. Kwanza wanaiuliza mashine, ruhusa kamili, na kulichapisha jibu lake. Kisha wanaingia magofuni na karatasi ile mkononi. Wanasimama mbele ya kaburi lililoandikwa mwaka 802 wa Hijra, yaani 1399. Wanachungulia visima. Kila mstari wa jibu wanauandikia pembeni: hili nimeliona, hili sikuliona, hili nani kasema?

Msichana mmoja kutoka Mida alikaa sana kisimani. Jibu lake la mashine lilikuwa limetaja upungufu wa maji kwa mstari mmoja tu, katikati ya orodha. Aliporudi kwao akamuuliza babu yake, ambaye ujanani alikuwa mchimba visima. Mzee akamweleza jinsi maji ya visima vya karibu na bahari yanavyoingia chumvi yakichotwa kupita kiasi, na kwamba kuchimba zaidi huokoa msimu huu na kuleta chumvi msimu ujao. Karatasi aliyoniletea Kiingereza chake kilichechemea hapa na pale, lakini hoja yake, kwamba maji ndiyo yaliyowahamisha watu wa Gede, ilisimama. Nikamuuliza, "Mwanangu, na mashambulizi ya Waoromo je, yanayotajwa pia kuwa sababu? Na Wareno?" Akasema, "Mwalimu, hao siwakatai. Lakini mtu hahami nyumba ya mawe kwa hofu ya siku moja. Maji humsumbua kila siku." Unaweza kubishana naye, na tulibishana. Ndiyo raha ya kufundisha.

Mwenye darasa la watu mia mbili hawezi kuwapeleka wote, najua. Basi piga kura kila kazi, wachache wakueleze kwa mdomo aya moja ya insha zao, dakika tano tano. Kwa kuwa hakuna ajuaye kura itamwangukia nani, wote watajiandaa. Iwe sehemu ya alama tangu muhula unaanza, isionekane kesi. Na juu ya karatasi ya swali andika wazi kinachoruhusiwa. Kwangu, kurekebisha sarufi ni ruhusa mradi aseme. Kuandikiwa hoja, hapana.

Sisi nasi tujichunge. Kuitupia mashine kazi ya mwanafunzi ikiwa na jina na nambari yake ya usajili ni kuchezea taarifa za mtu, na Kenya ina Sheria ya Kulinda Data ya 2019.

Kuna na suala la bando. Si kila mwanafunzi anayo, na wengine simu zao hazifai kwa kazi hii. Mimi huchapisha majibu machache ya mashine na kuyaacha kwa karani wa idara, asiye na simu ayachukue hapo bila kuulizwa.