Maswali ya Wasomaji: Taa ya tangi dogo la matumbawe

SWALI: Habari za kazi. Nina tangi la maji chumvi sebuleni, urefu sentimita 60, upana 40 na kimo 40. Lina mawe, mchanga na samaki wawili wadogo, na sasa ni mwezi wa tatu tangu nilianzishe. Nataka kuweka matumbawe. Muuzaji ananishauri taa ya wati 165 kwa kuwa matumbawe yanapenda mwanga mkali. Niichukue?
*Msomaji, Raskazone, Tanga*

JIBU: Usiichukue kwanza. Wati ni umeme unaoliwa na taa. Mwanga unaolifikia tumbawe unategemea pia lenzi, kimo cha taa juu ya maji na rangi za mwanga wenyewe. Amua kwanza utafuga matumbawe gani.

Ndani ya nyama ya tumbawe huishi mwani mdogo sana, usioonekana kwa macho, unaotengeneza chakula kwa mwanga na kumlisha mwenyeji wake. Mwanga unaoufaa mwani huo hupimwa kwa PAR, yaani kiasi cha mwanga ambao mwani unaweza kuutumia, kwa maikromoli za chembe za mwanga kwa mita ya mraba kwa sekunde. Matumbawe laini kama Sinularia, Discosoma na Zoanthus hutosheka na PAR 50 hadi 100. Magumu yenye vinyama vikubwa, kama Euphyllia, yape 80 hadi 150. Acropora hutaka 200 hadi 350, tena pamoja na mkondo wenye nguvu na kalsiamu isiyoyumba, jambo gumu kwa tangi kama lako ambalo, ukitoa mawe na mchanga, lina maji lita 75 hivi. Baki na makundi mawili ya mwanzo.

Kwa hayo, taa moja ya LED iliyoundwa kwa matumbawe, ya wati 50 hadi 70, inatosha. Hakikisha buluu na nyeupe zinaongezwa na kupunguzwa kila moja peke yake. Buluu iwe kati ya nanomita 420 na 470, kwa maana mwani ule huitumia vizuri na ndiyo inayopenya maji kuliko rangi nyingine. Lenzi iwe pana, nyuzi 90 hadi 120. Lenzi finyu huunguza katikati na kuacha pembe gizani. Mwombe muuzaji mchoro wa PAR wa mtengenezaji, kisha usome namba za kina cha sentimita 30, kwa sababu kubwa zinazotangazwa mara nyingi ni za karibu na taa. Programu za simu za kupima mwanga usizitegemee: kihisi cha simu hupima mwanga kwa kufuata jicho la mtu, na buluu huipunja.

Itundike sentimita 20 juu ya maji. Anza na buluu asilimia 40 na nyeupe asilimia 10. Kila wiki pandisha buluu kwa asilimia 5 na nyeupe kidogo kidogo, mpaka ufike karibu 75 na 20. Tumbawe jipya likae chini mchangani wiki mbili kabla ya kupandishwa juu ya mawe. Hapa ndipo wengi wanapoharibu: taa mpya inawashwa kwa nguvu zote siku ya kwanza, na baada ya siku chache tumbawe limekuwa jeupe. Mwani ukipata mwanga kupita uwezo wake huzalisha oksijeni yenye madhara, na tumbawe huutema. Weupe ukianzia upande wa juu huku sehemu za kivulini zikibaki na rangi, punguza mwanga. Likipauka mwili mzima, kapime joto la maji kwanza. Likirefuka kuelekea juu, mwanga hautoshi. Likigeuka kahawia, huenda ni mwanga hafifu, lakini pima pia nitrati, yaani mabaki ya uchafu wa samaki na chakula majini.

Kwa mji wetu, joto linatutia wasiwasi kuliko taa yenyewe. Maji yakae nyuzi 25 hadi 27. Yakizidi 30 kwa siku kadhaa, taa nzuri haitaokoa kitu. Kwa hiyo usiwashe taa mchana wa jua kali: ianze saa 9 alasiri, iwe na nguvu kamili saa 10 hadi saa 4 usiku, izimike saa 5. Feni ndogo za volti 12 zinazopuliza juu ya maji hushusha nyuzi mbili hivi, ila hewa ya pwani ina unyevu mwingi na maji hayavukizi upesi. Kuanzia Januari hadi Machi, sebule isiyo na kiyoyozi itahitaji mashine ya kupoza maji. Maji yanayopungua jazia kwa maji yasiyo na chumvi, yaliyochujwa kwa RO (mashine inayosukuma maji kupitia utando mwembamba na kuacha uchafu nyuma), kwani chumvi haivukizi.

Na tafadhali, using'oe matumbawe baharini. Nunua vipande vilivyokuzwa kwenye matangi, vyenye vibali: matumbawe magumu yamo katika Kiambatisho cha II cha CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini.

SWALI: Tangi langu la lita 40 liko kwenye dirisha la mashariki. Natumia jua la asubuhi, na usiku taa ya kawaida ya LED. Kioo kimejaa mwani wa kijani. Taa ndiyo mbaya?
*Msomaji, Bagamoyo*

JIBU: Kabla ya taa, liondoe tangi dirishani. Jua huingia kwa mshazari, hupiga upande mmoja, na lita 40 hupata moto haraka. Siku ya mawingu mwanga unaporomoka, kesho yake unarudi kwa kishindo.

Taa nyeupe ya nyumbani inaweza kukuza matumbawe laini ikiwa karibu na maji, ila sehemu kubwa ya mwanga wake hutawanyika nje ya tangi. Ya matumbawe ya wati 15 hadi 20 itakufaa zaidi. Mwani wa kioo, hata hivyo, hauli mwanga peke yake. Pima nitrati na fosfati, ambazo pia ni chakula chake. Mara nyingi chanzo ni maji ya bomba au kisima yaliyokorogewa chumvi. Badilisha asilimia 15 ya maji kila wiki kwa maji ya RO yaliyokorogewa chumvi, sugua mawe kwa mswaki, na taa iwake saa 6 tu kwa siku mpaka hali itulie.

SWALI: Umeme hukatika. Ninunue betri ya taa?
*Msomaji, Ngamiani, Tanga*

JIBU: Betri ifunge kwenye pampu. Matumbawe huvumilia giza siku mbili tatu, lakini maji yakisimama oksijeni hupungua ndani ya saa chache. Taa ipitishie kwenye kinga ya umeme inayochelewa dakika kadhaa, kama ile ya friji. Umeme ukirudi, kagua taima: zile za kuzungusha kwa mkono husimama na kuchelewesha ratiba nzima.

Waya wa taa uning'inie chini ya soketi kabla ya kupanda, matone ya maji yadondoke sakafuni. Lenzi ifute kila wiki kwa kitambaa chenye maji yasiyo na chumvi, taa ikiwa imezimwa. Kama imekaa na utando wa chumvi kwa miezi, punguza nguvu kwa asilimia 10 kabla ya kuiwasha tena, maana mwanga utapanda ghafla.